Gari la umeme bado liko njiani, advansi inatakiwa sasa: tumfanyie hesabu msikilizaji wetu

Wiki mbili zilizopita tulipokea ujumbe wa sauti kwenye simu ya kipindi. Ni wa mzee mmoja wa kijiji kilichopo kilomita 38 kutoka Njombe mjini, kilomita 14 za mwisho zikiwa za vumbi, na masika zinakuwa tope. Ameuza mbao za shamba la mipaini alilopanda miaka mingi nyuma na anataka gari. Kijana mmoja wa Dar es Salaam amemtumia picha za gari la umeme la siti tano, jipya, lililonyanyuka kidogo, yale ambayo matangazo yanayaita SUV. Bei milioni 85. Gari halijafika nchini, litafika baada ya miezi minne, lakini anayetaka nafasi alipe advansi ya milioni 20 kabla ya mwisho wa mwezi.

"Wanangu," alituambia, "nimechoka na mafuta. Umeme ninao nyumbani. Nilipe au nisilipe?"

Siku iliyofuata ukaingia ujumbe mwingine, wa maandishi, kutoka namba nyingine. Ulikuwa mfupi: "Mimi ndiye mama wa nyumba ya yule mzee wa gari. Hiyo hela ndani yake kuna ada ya chuo ya mtoto. Mwambieni ukweli, msimfurahishe."

Swali lao tulilisoma hewani, na simu zilizoingia zilikuwa nyingi kiasi kwamba muda wa kipindi haukutosha. Wapo waliosema gari la umeme ni la wazungu, wapo waliosema mwenye petroli amebaki nyuma. Tumeona tuliandike hapa kwa utulivu, ili mtu asome kwenye simu yake na kupiga hesabu na mwenzake nyumbani. Tumeongea na mafundi wa umeme na wa magari hapa mkoani, tukakaa na kalamu na karatasi.

Uniti za LUKU na lita za petroli

Tuanze na kitu ambacho kila mwenye umeme anakijua: uniti. Betri ya gari la umeme inapimwa kwa uniti zilezile unazonunua kwenye LUKU. Mtu akikwambia gari lina betri ya kilowati-saa 60, maana yake ni kwamba likiwa tupu kabisa, linameza uniti 60 hadi lijae. Na kidogo zaidi, kwa kuwa sehemu ya umeme inapotea kama joto wakati wa kuchaji.

Magari ya ukubwa huu yana betri za uniti 60 hadi 80 hivi. BYD Atto 3, ambalo ni la Kichina na linajulikana sana duniani, lina toleo la uniti 60. Toyota bZ4X lilianza na uniti 71. Kwenye barabara zetu za milima, mchanganyiko wa lami na vumbi, ni salama kukadiria uniti 20 kwa kila kilomita 100, tukihesabu na ule umeme unaopotea.

Mteja wa kawaida wa majumbani, yule wa kundi la T1, analipa takriban shilingi 356 kwa uniti, kodi na tozo zikiwa ndani. Ndiyo maana elfu kumi inakupa uniti 28. Kwa hiyo kilomita 100 za gari la umeme ni kama shilingi 7,100. Gari la petroli la ukubwa huohuo, likienda kilomita 10 kwa lita, linataka lita 10. Tuseme lita ni shilingi 3,000 ili hesabu iwe nyepesi: ni 30,000. Hapo mzee wetu hajadanganywa. Umeme ni nafuu zaidi ya mara nne.

Lakini kuna jambo ambalo kijana wa Dar hakumwambia, labda kwa sababu na yeye halijui. Mzee yuko kwenye D1. Ni lile kundi la wateja wadogo, ambao wengi wao wako vijijini, wanaolipa takriban shilingi 122 kwa uniti kwa masharti ya kutovuka uniti 75 kwa mwezi. Baadhi ya wasikilizaji walidhani watachajia gari kwa bei hiyo ya 122. Haiwezekani. Gari peke yake litakula uniti 200 kwa mwezi kwa safari zake. Ataondoka D1 na kuhamia T1, na hapo hata taa, redio na pasi ya nyumbani vitalipiwa 356. Nyumba yake inatumia kama uniti 45 kwa mwezi. Ongezeko kwenye matumizi hayo ya nyumbani ni kama shilingi 10,500 kila mwezi. Si fedha ya kumzuia mtu anayenunua gari la milioni 85, ila aijue kabla. Wenzetu wa Kenya, mwaka 2023, walipangiwa bei maalumu ya umeme wa kuchajia vyombo vya usafiri, ya usiku ikiwa nusu ya ile ya kawaida. Sisi tupige hesabu kwa bei tuliyonayo.

Mzee anakwenda mjini mara tatu kwa wiki. Ukijumlisha kanisa, misiba na shamba la parachichi, anafikisha kilomita 1,000 kwa mwezi. Kwa petroli ni shilingi 300,000. Kwa umeme ni 71,000, ongeza ile 10,500 ya kuhama D1. Anaokoa kama 218,000 kwa mwezi, sawa na milioni 2 na laki 6 kwa mwaka. Gari la umeme halimwagi oili ya injini, halina plagi wala mkanda wa taimingi, kwa hiyo tumpe laki 6 nyingine za matengenezo. Milioni 3 na laki 2 kwa mwaka.

Sasa, gari la petroli alilokuwa analiwaza kabla ya hili ni lililotumika kutoka Japani, ambalo aliambiwa litamsimamia milioni 45 hadi barabarani. Tofauti ni milioni 40. Gawanya kwa milioni 3 na laki 2: miaka 12 na nusu ndipo fedha yake irudi. Waranti ya betri kwa watengenezaji wengi ni miaka 8 au kilomita 160,000.

Lakini chukua mfano wa mfanyabiashara anayekwenda Makambako na kurudi Njombe siku 25 kwa mwezi. Kwenda na kurudi ni kama kilomita 120 kwa siku, kilomita 3,000 kwa mwezi, lami tupu. Huyo anaokoa karibu laki 7 kila mwezi kwenye mafuta pekee, zaidi ya milioni 8 kwa mwaka. Tofauti ileile ya milioni 40 anaimaliza kwa miaka mitano. Gari la umeme ni mali kwa mtu anayetembea sana na kulala nyumbani. Anayetembea kidogo anakuwa amenunua mafuta ya miaka 12 mbele kwa mkupuo mmoja.

Kuchaji nyumbani kijijini

Hapa ndipo simu nyingi zilipoulizia, na ndipo tulipojifunza mengi sisi wenyewe.

Watu wanadhani lazima kuwe na kituo cha kuchajia. Kwa safari za kila siku, hapana. Gari linaweza kuchajiwa kwenye soketi ya kawaida ya ukutani kwa waya unaokuja nalo. Soketi hiyo ikitoa ampea 10 kwa volti 230, gari linapokea kama uniti 2.3 kwa saa. Betri tupu ya uniti 60 itachukua zaidi ya saa 26 kujaa, na hapo watu huguna. Lakini nani anamaliza betri kila siku? Mzee wetu akienda mjini na kurudi, ametumia uniti 15. Akichomeka saa tatu usiku, saa kumi alfajiri limerudi lilivyokuwa. Kama anavyochaji simu.

Hiyo ni kama umeme wa nyumbani kwake uko sawa. Fundi mmoja wa hapa mjini, ambaye amefunga waya kwenye nyumba nyingi za vijijini, alitutajia mambo ya kukagua, na tunayaandika kama alivyoyasema.

La kwanza ni waya wenyewe. Nyumba nyingi zilizounganishwa kwa mradi wa umeme vijijini zilifungiwa UMETA, kile kibodi kidogo chenye swichi na soketi vyote mahali pamoja. Kile ni cha taa, redio na chaji ya simu. Ukikichomekea gari usiku kucha, ampea 10 kwa saa saba mfululizo, soketi itayeyuka. Gari linahitaji waya wake wenyewe, mnene, unaotoka kwenye bodi kuu na kuwa na swichi yake ya kukata. Ukifika hapo afadhali ufunge chaja ya ukutani kabisa, ile ya ampea 32, inayotoa uniti kama 7 kwa saa, mradi laini yako iweze kuibeba.

La pili ni ethi, ule waya unaoshuka ardhini. Nyumba ngapi za huku kwetu zina ethi inayofanya kazi? Fundi alicheka tu. Taa haiulizi, lakini chaja ya gari ina kipimo ndani yake, na isipoiona ethi inagoma kabisa. Mtu atadhani gari ni bovu kumbe ni shimo la ardhini halikuchimbwa vizuri.

La tatu ni volti. Ukiwa mbali na transfoma, saa mbili usiku kila nyumba ikiwa imewasha taa na televisheni, na mashine ya kukoboa bado inaunguruma, volti zinashuka. Badala ya 230 unaweza kukuta 180. Gari litachaji polepole zaidi, au litakataa hadi usiku wa manane. Fundi mwenye mita anapima kwa dakika moja. Apime saa mbili usiku, si saa nne asubuhi wakati kijiji kizima kiko shambani.

Wasikilizaji wawili waliuliza kuhusu jenereta. Tulipiga hesabu tukacheka wenyewe studio. Jenereta ndogo ya petroli inatoa uniti 2 hadi 3 kwa lita moja. Uniti 2 ni kilomita 10. Yaani umetoa petroli kwenye gari ukaiweka kwenye jenereta, safari ileile, kelele zaidi. Kwa dharura sawa, kwa kila siku hapana.

Sola ni habari nyingine. Paneli tano za wati 550, zikifungwa vizuri, zinaweza kutoa uniti 10 hivi kwa siku ya jua. Hizo ni kilomita 50 bila kwenda sheli wala LUKU. Shida yake ni kwamba jua linawaka mchana, wakati gari liko mjini. Kwa mwenye gari linaloshinda nyumbani siku tatu nne za wiki, inaleta maana. Kwa Julai ya Njombe yenye ukungu, mtajijua.

Kilomita za kwenye tangazo

Kijana wa Dar alimwandikia mzee kwamba gari linakwenda kilomita 510 kwa chaji moja. Huenda hakudanganya. Tatizo ni kipimo.

BYD Atto 3 tulilolitaja, lenye betri ileile ya uniti 60, kwao Uchina linatangazwa kwa kilomita 510. Likiuzwa Ulaya linatangazwa kwa kilomita 420. Gari ni moja, kipimo ni tofauti. Vipimo vya Uchina hufanywa kwa mwendo wa taratibu zaidi, na namba inatoka kubwa. Ukiona kilomita kwenye tangazo, uliza ni kwa kipimo cha nchi gani.

Na hata hiyo 420 ni ya barabara nzuri. Kwetu, ukipanda na kushuka na watu watano na magunia mawili, hesabu 330 kutoka kujaa hadi kuisha kabisa. Na hakuna anayeendesha hadi kuisha. Wenye magari haya wanashauriwa kutumia sana kati ya asilimia 80 na asilimia 10 au 20. Hapo umebaki na kilomita 200 hadi 235 za uhakika. Kwa mzunguko wa Njombe, Wanging'ombe na Makambako zinatosha na kubaki. Kwa Dar es Salaam, takriban kilomita 700, utasimama kuchaji mara mbili au tatu, na sisi tunaoipita barabara hiyo hatujawahi kuona chaja ya gari kwenye sheli yoyote kati ya hapa na Iringa. Kuchaji kwa soketi ya nyumba ya wageni maana yake ni kulala.

Milima, kwa upande mwingine, si adui kama watu wanavyodhani. Kupanda kunakula betri, ni kweli. Lakini ukishuka, mota inageuka dainamo, kama ile ya baiskeli za zamani, na kurudisha umeme kwenye betri huku ikizuia mwendo. Mteremko kama Kitonga ungeshuka bila kuchosha breki. Ila uwe na nafasi kwenye betri. Ukianza kushuka ikiwa imejaa pomoni, umeme hauna pa kwenda na utategemea breki kama watu wengine.

Tope ndilo linalotupa wasiwasi zaidi. Mengi ya magari haya, pamoja na umbo la kibabe, yanavuta kwa magurudumu mawili tu. Atto 3 linavuta kwa mbele na tumbo lake liko sentimita 17 na nusu kutoka ardhini. Chini ya tumbo hilo ndipo betri ilipolala, na betri ndiyo kitu cha bei kubwa kuliko vyote kwenye gari. Kwa zile kilomita 14 za mzee wakati wa masika, jiwe moja lililofichwa na maji ya rangi ya chai linaweza kuwa hasara ambayo hakuna fundi wa njiani atakayeizuia. Uliza kama kuna toleo la kuvuta kwa magurudumu manne, na kama chini kuna bamba la chuma.

Gari ambalo halijafika

Tumefika kwenye lile la advansi, na hapa tunaomba radhi kwa kwenda mbali kidogo, hadi Marekani, kwa sababu wenzetu huko wamepita njia hii kabla yetu.

Machi 2024, kampuni ya Rivian ilionyesha gari lake jipya la umeme la ukubwa wa kati, R2. Ikaahidi kuanza kulikabidhi kwa wateja nusu ya kwanza ya mwaka 2026. Watu zaidi ya 68,000 waliweka nafasi ndani ya saa 24. Je, walilipa nini? Dola 100, na fedha hiyo inarudishwa mtu akibadili mawazo. Linganisha na milioni 20 za mzee wetu.

Mfano wa pili unauma. Kampuni ya Fisker, ya Marekani pia, ilitoa gari la umeme la aina hiihii lililoitwa Ocean. Lilikuwa linaundwa Austria, kwenye kiwanda kinachoheshimika, na lilisifiwa kwa umbo. Wateja walianza kulipata mwaka 2023. Juni 2024 kampuni ikaomba ulinzi wa mahakama kwa kufilisika. Maelfu ya watu walibaki na magari yanayotembea lakini yasiyo na mwenyewe: waranti haina wa kuiheshimu, spea hazina pa kuagizwa, na programu za kompyuta zinazoendesha gari hazina wa kuzirekebisha. Wenye magari waliunda chama chao wenyewe ili wasaidiane kuyaweka hai. Hao ni watu wenye mawakili, na wako kwenye nchi yenye mafundi wa magari ya umeme.

Mtu atasema hizo ni kampuni changa. Basi tuchukue Toyota, ambayo huku kwetu hakuna asiyeiamini. Ilipotoa bZ4X mwaka 2022, ndani ya muda mfupi ililazimika kuyaita magari yarudi kwa sababu boliti za magurudumu zingeweza kulegea hadi gurudumu kuchomoka. Mauzo yalisimamishwa kwa miezi kadhaa, na wateja walipewa hadi nafasi ya kurudisha gari na kulipwa. Toyota walikuwa na uwezo wa kufanya hivyo. Kijana mwenye picha kwenye simu na akaunti ya benki yenye jina lake binafsi atafanya nini boliti zikilegea?

Ndiyo maana tulimwambia mzee kwamba swali la kwanza si gari, ni nani analeta. Magari mengi ya umeme ya Kichina yanayoingia Afrika yanapitia mikono miwili. Ya mkono wa kwanza huletwa na wakala aliyepewa idhini na kiwanda: usukani uko kulia, maandishi ni ya Kiingereza, waranti inatambulika hapa. Ya mkono wa pili yalitengenezwa kwa ajili ya soko la Uchina kwenyewe, mtu akayanunua kwa bei nzuri na kuyasafirisha. Haya hushuka bei, lakini kwao usukani uko kushoto, kioo kinaongea Kichina, na tundu la kuchajia ni la umbo la Kichina ambalo chaja nyingi za kwingine haziliingii. Kiwanda kinaweza kukujibu kwamba waranti yako iko Uchina. Tulimwomba mzee atume ile picha ya ndani ya gari. Usukani ulikuwa kushoto.

Hapo alinyamaza kidogo kwenye simu, halafu akasema, "Kumbe picha naitazama kila siku, usukani sijauona."

Kabla ya kutoa hata shilingi, kampuni inayouza itafutwe kwenye mtandao wa BRELA kuona kama imesajiliwa. Mkataba uwe wa maandishi, utaje mwaka wa gari, ukubwa wa betri kwa uniti, upande wa usukani, aina ya tundu la chaji, tarehe ya kufika na kitakachotokea tarehe ikipita. Useme kama bei imejumuisha ushuru wote hadi namba ya gari, kwa kuwa "milioni 85 bandarini" na "milioni 85 barabarani" ni vitu viwili tofauti. Advansi iingie kwenye akaunti ya kampuni, itolewe risiti ya mashine, na iandikwe kwamba inarudi. Muuzaji wa kweli hatachukia kuulizwa.

Njia ya katikati

Wasikilizaji watatu walipendekeza gari la petroli lenye msaada wa umeme, na kwa barabara zetu tunaona wana hoja. Mfano ni Mitsubishi Outlander PHEV, linalopatikana kama lililotumika kutoka Japani. Lina injini ya petroli pamoja na betri ndogo ya uniti 12 hivi unayoichaji nyumbani, na mota mbili, ya mbele na ya nyuma, kwa hiyo linavuta magurudumu yote. Safari fupi unaenda kwa umeme, safari ya Dar unaweka mafuta. Angalizo ni mbili. Matoleo ya Japani yana soketi ya ndani ya volti 100, usichomeke kifaa chako cha volti 230 ukategemea kitafanya kazi. Pia betri iliyotumika miaka kumi haiko kama ilivyotoka kiwandani, ipimwe na fundi mwenye kifaa.

Hilo la betri kuukuu linahusu hata Nissan Leaf, gari dogo la umeme ambalo wengi wanaliona mtandaoni kwa bei ya kuvutia. Lina mistari 12 kwenye kioo inayoonyesha afya ya betri. Betri ya matoleo yake ya zamani haina mfumo wa kuipoza kwa maji, na matoleo ya mwanzo yaliyoishi sehemu za joto yamechoka haraka. Muuzaji akikupa picha, mwombe picha ya hiyo mistari.

Kuhusu wagonjwa. Mzee alitueleza kwamba sababu mojawapo ya kutaka gari ni kina mama wanaoshikwa na uchungu usiku, kwa kuwa kijijini kwao gari ni mawili na yote hulala mjini. Hiyo ilitugusa. Gari la umeme linaweza kazi hiyo vizuri, ni tulivu na linawaka papo hapo asubuhi ya baridi. Lakini umeme ukikatika siku mbili na betri iko asilimia 15, hakuna dumu la lita tano la kuazima kwa jirani. Atakayenunua kwa nia hiyo ajiwekee sheria ya kutoshuka chini ya nusu.

Juzi mzee alitupigia tena. Kijana wa Dar aliulizwa kwa maandishi kuhusu usukani, waranti na kurudisha advansi. Alijibu la usukani tu, kwamba "unabadilishwa kirahisi". Hizo milioni 20 hazijatoka benki. Fundi alikwenda kwake saa mbili usiku na mita, akakuta volti 184, na ethi ilikuwa imekatika chini ya ukuta tangu nyumba ilipopigwa plasta. Ethi ameshairekebisha, kwa gharama ya nondo moja ya shaba na kazi ya nusu siku. La volti amelipeleka kwa maandishi. Na mama, ambaye aliichukua simu mwishoni, alituambia ada ya muhula wa kwanza imeshalipwa.